Kimya cha Yule Mjane

Mwanangu Mwanaidi,

Nakuandikia nikiwa barazani, na wewe uko chumba cha ndani, hapo nyuma ya pazia, umezungukwa na shangazi zako na hina mikononi. Ningeweza kukuita kwa sauti ya kawaida ukanisikia. Lakini leo kila nikikaribia mlango huo nafukuzwa kama kuku aliyeingia jikoni, na hata wangeniruhusu kupita, haya ninayotaka kukwambia nisingeweza kuyasema nikikutazama usoni. Kwa hiyo nimeazima kalamu ya mjomba wako Hamisi, nimesogeza kiti karibu na taa. Mama yako ndiye atakayekupa karatasi hizi. Hina ikikauka, soma.

Kesho, Mungu akipenda, ni ndoa yako na Abdala, na baada ya ndoa treni itakupeleka Jinja kwa wakwe zako. Sina la kukuongezea kuhusu kupika, wala kufua, wala namna ya kumwamkia mama mkwe. Shangazi zako wameyasema hayo wiki nzima kwa sauti kubwa mpaka mimi mwenyewe sasa naweza kuolewa. Mimi nataka tuzungumze habari ya sinema.

Usinicheke. Au basi nicheke, maana siku nyingi sijasikia kicheko chako. Nataka tuizungumze leo kwa sababu kesho asubuhi nitaingia chumbani humo na mashahidi kukuuliza kama umeridhia kuolewa na Abdala, na mimi baba yako, niliyekulea, jibu lako silijui.

Tangu ulipoweza kukaa macho mpaka mwisho wa filamu tumekuwa na desturi yetu, mimi na wewe. Tukirudi nyumbani tunakaa kizingitini, tunamenya njugu, na kila mmoja anatoa hukumu yake, kwanza ubovu wa filamu, kisha uzuri wake. Wewe ulikuwa hakimu mkali. Kuna filamu ya mapanga uliyoihukumu kwa neno moja tu, "Kelele," ukaenda kulala. Nyingine uliitetea siku tatu, mpaka mama yako akasema kama mnaipenda hivyo hameni mkaishi humo. Filamu moja tu hatukuijadili, ile ya makauboi, ya mjane na kisima. Tulirudi, nikaweka njugu kati yetu, ukasema umechoka. Nikakuachia, nikijiambia kwamba msichana aliyekwisha kuposwa ana mawazo yake. Basi leo natoa hukumu yangu, ingawa yako sijaisikia.

Wewe umezaliwa ukinikuta na kipaza sauti mkononi, kwa hiyo pengine hujui vizuri niliipataje kazi yenyewe. Nilikuwa utingo wa lori. Bwana Karama alipoamua kuacha biashara ya vitambaa na kununua mashine ya sinema, pamoja na jenereta na gari la kuvibeba, alitafuta mtu wa kusimama kando ya shuka la kuonyeshea picha na kuwaambia watu Wazungu wanasema nini. Mimi nilijua Kiswahili cha nyumbani kwetu, Kisamia cha mama yangu, Kiteso na Kijopadhola cha barabarani, na Kiingereza cha kuombea ruhusa ya kupita. Bwana Karama akaniuliza kama naelewa filamu. Nikamwambia naelewa. Kwa kweli nusu nilielewa na nusu nilitunga, na ile niliyotunga ndiyo watu waliyoipenda.

Alinipa sharti moja. "Ramadhani," alisema, "shuka lisinyamaze. Watu wakiona kimya wanadhani mashine imeharibika, wanaondoka. Wao wakinyamaza pale, wewe sema." Nami nikasema. Mtu akipanda farasi nilisema anakwenda wapi. Mwanamke akiangalia dirishani nilisema anamwaza nani. Mbwa wakibweka niliwatafsiria mbwa. Miaka yote hiyo, Tororo, Malaba, Busia, Masaba, Kiyeyi, kila penye soko, hakuna mtu aliyefumba mdomo kwenye shuka letu nisimfumbulie.

Ndipo ikaja filamu hii. Nianze na ubovu wake, kama desturi yetu inavyotaka, na ubovu upo wa kutosha.

Kwanza inakwenda taratibu mno. Inaanza na mtu mmoja juu ya farasi katika uwanda mkavu. Anakuja. Bado anakuja. Unaweza kwenda kununua muhogo wa kuchoma, ukabishana na mwuzaji, ukarudi, bado anakuja. Mimi pale kando ya shuka nilikuwa na kazi ya kujaza uwanda wote ule. Nikawaambia watu jina lake, nikawaambia ametoka mbali, nikawaambia anakwenda kumwona mama yake mgonjwa. Baadaye sana katika filamu, Mzungu mwenyewe akafungua kinywa kwa mara ya kwanza, na jambo alilosema ni kwamba mama yake alikufa yeye akiwa mchanga. Unakumbuka kelele za siku ile. "Rama! Mama gani sasa nagonjwa?" Nikasema ni mama wa kambo. Nilikuwa nimezoea kuponea chupuchupu.

Pili, yule tajiri mwenye ng'ombe, anayekitaka kisima cha mjane, hana kitu ndani yake ila ubaya. Anaamka mbaya, analala mbaya. Mtu mbaya wa kweli huwa ana siku anapomnunulia mtoto wako peremende, ndiyo maana anakushinda. Waliotengeneza filamu hii wana subira ya kumtazama farasi akinywa maji mpaka atosheke, lakini subira ya kumtazama yule tajiri hawakuwa nayo.

Ubovu mkubwa kuliko wote niliuonyeshwa Masaba. Mara mbili au tatu katika filamu wanaonekana watu wa nchi ile, wenyeji, wakipita mbali juu ya kilima na farasi zao. Hawasemi, hawana jina, hakuna anayewasalimu. Halafu picha inarudi kwa mjane na tajiri wakigombania kisima. Mzee mmoja wa Masaba, mkulima, alisimama katikati ya watu akauliza, "Rama, hawa wa kule juu ndio wenyeji?" Nikasema ndio. Akasema, "Sasa kisima ni ya nani?" Watu wote wakageuka kunitazama. Karani wa Bwana DC alikuwa amekaa kiti cha mbele kabisa, miguu ameinyoosha. Nikamwambia mzee aangalie picha. Aliketi, lakini alicheka kidogo, na nimelala na swali lake siku nyingi. Filamu inayoweza kumwona farasi vizuri namna ile na isiwaone watu, ina jicho bovu mahali fulani.

Halafu mwisho wake. Baada ya kutuweka muda wote ule tukisubiri, bunduki iko ukutani inatazamwa tu, ghafla katika mkanda wa mwisho wanaogopa. Naona kama kuna mtu aliwaambia kama Bwana Karama alivyoniambia mimi, kwamba watu wataondoka. Basi wanapigana risasi hovyohovyo, wanakufa hata ambao hatukuwa tumewajua vizuri, na muziki unalia kama umelipwa. Vijana wa Malaba walirusha kofia juu kwa furaha. Mimi nilihuzunika kidogo, na wakati ule sikujua kwa nini.

Sasa uzuri wake. Uzuri wake ni mmoja, lakini ni mkubwa, na ulinichukua muda kuuona kwa sababu mwanzoni niliuchukia.

Filamu ile inatazama watu wakifanya kazi. Mjane akikanda unga, anaukanda mpaka uwe tayari. Yule mgeni wa farasi akitengeneza uzio, unaona nguzo inavyosimamishwa, udongo unavyoshindiliwa. Wafugaji wa Kiteso walioketi upande wa kushoto waliwakagua ng'ombe wa tajiri mmoja mmoja, wakabishana juu ya pembe, wakasema yule dume mwekundu hafai. Kiyeyi wakulima walisema uzio umejengwa sawa ila nguzo za pembeni ni nyembamba. Hakuna filamu nyingine iliyowahi kuheshimiwa hivyo na watu wanaojua. Na nyuso zile! Picha inakaa juu ya uso wa mtu, haikimbii, mpaka wewe mtazamaji unaona haya kidogo, unataka kumwachia nafasi.

Nililolichukia ni kwamba haikunihitaji. Nasema kweli, Mwanaidi. Nilisimama pale na kipaza sauti changu kama mtu aliyealikwa kwenye karamu akakuta wameshakula. Kila nilipotia neno, neno lilikaa vibaya.

Na hapo nafika kwenye ile sehemu. Wewe unaijua. Tajiri anakuja nyumbani kwa mjane, amevaa shati safi, kofia mkononi. Anaketi mezani bila kukaribishwa. Anamwambia maneno mazuri, kwamba mwanamke peke yake hawezi nchi hii, kwamba nyumba yake kubwa ina nafasi, kwamba wakioana ugomvi wa kisima utakwisha. Kisha anamwuliza kama amekubali. Na mjane hasemi. Anafuta meza. Anammiminia kahawa. Anatazama mlango ulio wazi. Picha inakaa hapo, inakaa, inakaa. Na mimi, mbele ya mji mzima wa Tororo, nikashika kipaza sauti nikasema, kwa sauti yangu ile ya harusi, "Amekubali!" Wanawake wakapiga vigelegele. Tajiri naye kwenye shuka akatabasamu, akavaa kofia, akatoka, kwa hiyo nilijiona nimepatia.

Mkanda uliofuata, kulipopambazuka, mjane yuko nje na nyundo, anazungushia kisima uzio, na bunduki ameiegemeza kwenye ndoo.

Walinizomea! "Wewe Rama, si ulisema nakubali? Sasa mbona najenga?" "Rudisha vigelegele vyetu!" Hata Bwana Karama kwenye mashine alikuwa anacheka mpaka picha inatikisika. Nami nilicheka, nikasema wanawake wa Kizungu ndivyo walivyo, wanakubali jioni wanakataa asubuhi. Nikakutafuta kwa macho upande wa wanawake, kwa sababu wewe ndiye huwa wa kwanza kunicheka nikikosea. Hukuwa unacheka. Ulikuwa unamtazama yule mjane.

Wakati ule washenga wa Abdala walikuwa wameshakuja na kuondoka, tangu mwezi wa Mfungo Mosi. Unakumbuka siku ile kuliko mimi. Waliketi ukumbini, wakasema walilotumwa, watu waungwana, hawana makuu. Wewe uliitwa ukaleta maji ya kunywa, ukasimama pale mlangoni. Mkubwa wao akaniuliza, "Na binti mwenyewe?" Wewe ukainamisha macho ukinyamaza. Nami kabla hata hujaingia ndani nikasema, "Amekubali."

Nimejitetea sana moyoni kuhusu neno lile. Nimejiambia masheikh wetu wanatufundisha kwamba binti mwenye haya akiulizwa akanyamaza, ameridhia. Ni kweli, wanafundisha. Lakini wanafundisha pia kwamba aulizwe, na aulizwe na mzazi wake faraghani, si kusomwa uso mbele ya wageni huku ameshika bilauri. Mimi sikukuuliza. Palikuwa na kimya ukumbini, wageni wananitazama, na miaka yote ya kazi yangu ikanisukuma. Nilikujazia maneno, mwanangu. Nilikufanya kama mtu wa kwenye shuka.

Na wala sikulitambua siku ile, wala siku ile ya kuzomewa. Niliendelea kuilaumu filamu. Malaba, mjane alipofika pale mezani, nikasema, "Anafikiri." Masaba nikasema, "Anaogopa." Kiyeyi nikasema, "Anamkumbuka marehemu mume wake," na mama mmoja akalia, nikaona hapo sasa nimepata. Lakini nikiwa njiani kurudi, kwenye gari, nilijikuta nauliza, nimejuaje? Nani aliniambia? Nimempa yule mwanamke majibu manne, yote yangu, yeye bado ananyamaza.

Busia ndiko nilikofanya jambo ambalo sijawahi kulifanya. Ilikuwa siku ya soko, watu wa pande zote mbili za mpaka wamejaa. Tajiri akauliza swali lake, mjane akaanza kufuta meza, na mimi nikakishusha kipaza sauti. Kwanza wakadhani kimekufa. "Rama, sema!" "Mashine nakufa?" Mtu akanirushia ganda la ndizi. Bwana Karama akawa ananiashiria kwa mikono yote miwili, maskini, kama mtu anayefukuza nyuki. Sikusema. Na kelele zikapungua zenyewe, nikasikia jenereta, kisha nikasikia hata kahawa inavyomiminwa kikombeni, jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwa sababu siku zote nilikuwa nazungumza juu yake. Watu wakatulia. Nyuma yangu mwanamke mmoja akamwambia mwenzake polepole, "Huyu nakataa." Mwenzake akasema, "Bado. Ngoja." Wakangoja.

Nilikuwa nimesimama pale, nikauona uso wako mlangoni na ile bilauri ya maji. Nilikaa chini kwenye nyasi mbele ya watu wote.

Niliporudi nyumbani sikukujia wewe. Ningekuwa mtu shupavu ningekuja kwako moja kwa moja. Nilimwendea mama yako, alikuwa anachambua mchele, nikamwuliza jambo ambalo katika ndoa yetu yote sikuwahi kuliuliza. Nikasema, "Mama Mwanaidi, siku baba yako alipokuuliza habari yangu, ulijibu nini?"

Akasema, "Nilinyamaza."

Zamani ningesema, ehe, kwa hiyo ulikubali, nikaondoka nikiwa nimefurahi. Safari hii nikakaa. Akachambua mchele. Akatoa kijiwe, akakitupa. Nilikuwa naumwa na hamu ya kusema, Mwanaidi, hujui, ulimi ulikuwa unaniwasha. Nikangoja tu.

Mwishowe akasema, "Nilitaka kusema hapana."

Nikainamia ule mchele.

"Si kwa ajili yako," akasema. "Wewe sikuwa nakujua, ningekukataa vipi? Bibi yangu alikuwa mgonjwa kule Busia, mimi ndiye niliyekuwa namwogesha. Nilitaka wangoje mpaka apone au afe. Lakini baba alishatoka nje kuwaambia watu. Bibi akafa niko kwako, mwezi wa pili tangu ndoa."

Namkumbuka bibi huyo, habari za kifo chake zilipokuja. Namkumbuka mama yako alivyolia, na mimi nikawaambia watu analia hivyo kwa sababu wanawake wa kwao wana huruma sana. Ndivyo nilivyomtafsiri. Miaka yote hii nimeishi na mwanamke huyu, nimekula chakula chake, na lile jambo lilikuwa limekaa kati yetu nisilione kwa sababu nilitangulia kusema mimi.

Nikamwuliza, "Na sasa?"

Akanitazama muda mrefu, akasema, "Sasa ondoka kwenye mwanga, sioni mawe." Lakini alikuwa anatabasamu, na baadaye akaniletea chai bila kuombwa. Nampenda mama yako. Nakwambia hili waziwazi kwa sababu sijui kama niliwahi kulisema mbele yako.

Sasa nije kwako. Tangu posa ile umepunguza maneno. Wewe, uliyekuwa unabishana na mashine ya cherehani! Nimeona unakula kidogo. Nimeona unakwenda kisimani mapema kabla wenzako hawajaamka. Nimeona siku moja umeishika picha ya Abdala, umeitazama, umeirudisha kwenye bahasha yake. Pengine ni hofu ya kwenda mbali. Pengine unampenda na unaona haya. Pengine kuna mwingine. Pengine ni sisi tu, mimi na mama yako, unatuhurumia kwa kutuacha. Pengine

Naona nimeanza tena. Nisamehe. Nimeacha sentensi ile ilivyo, uone ugonjwa wenyewe ulivyo.

Abdala ni kijana mzuri. Hilo nalijua kwa macho yangu, nimepanda lori lake, nimeona anavyosema na makuli. Sina neno baya juu yake, na kama jibu lako ni ndiyo nitakuwa mtu mwenye furaha kuliko wote hapa Tororo. Sikuandikii ili ukatae. Sikuandikii ili ukubali. Hili nataka ulielewe vizuri, usije ukanisoma kama mimi ninavyowasoma watu.

Na kama utakwenda, basi lile nililoambulia uzeeni uende nalo ukiwa mdogo. Kutakuwa na siku Abdala atarudi kutoka safari, ataketi, hatasema. Utataka kujua ana nini, na kichwa chako kitakupa majibu chungu nzima, mazuri na mabaya. Wewe ni binti yangu, utakuwa hodari wa kuyatunga. Muulize yeye, kisha kaa naye. Akichelewa kujibu, kaa. Mimi nimegundua kwamba watu wengi hujibu, ila hujibu baada ya muda ambao mimi nilikuwa nimeshachoka kungoja. Na yeye akikusemea wewe mbele ya watu, mwambie kwa upole kwamba baba yako alishaifanya kazi hiyo vya kutosha.

Kuhusu kesho. Baada ya sala ya alfajiri nitakuja na mashahidi wawili, mjomba wako Hamisi na Bwana Karama. Nimeshazungumza nao. Nimewaambia kimya hakitanitosha. Hamisi alishangaa, akasema, "Shemeji, wewe unataka kuwa zaidi ya sheria?" Nikamwambia sheria imenipa ruhusa ya kuuliza, nami nataka kuitumia yote. Bwana Karama aliniwekea mkono begani tu.

Shangazi zako watatoka nje wote, hata yule anayejifanya hasikii. Nitakuuliza kwa jina lako na jina lake, wazi, bila mapambo. Kisha nitanyamaza. Usinitazame nikusaidie, kwa sababu sitakusaidia. Sitakohoa, sitatikisa kichwa. Kama itachukua mpaka adhuhuri, wageni watapewa chai ya pili na ya tatu. Treni ikipita, kuna treni nyingine. Nitaketi mkekani kwako mpaka nisikie sauti yako, na hata ukitaka kusema sijui bado, hilo nalo ni jibu, nitalipokea.

Ukisema ndiyo, nitalia, nitasingizia moshi wa jikoni, nawe utaniacha nisingizie.

Ukisema hapana, usiogope watu. Usiogope vyakula wala wageni wala midomo ya mji, hiyo ni mizigo yangu, nimelipwa miaka mingi kusimama mbele ya watu wanaozomea. Wewe utabaki humo ndani na mama yako. Mimi nitatoka mpaka barazani, nitawasalimu washenga wote kwa mikono yangu, na nitawaambia, "Binti yangu amesema hapana." Watauliza kwa nini. Nitawaambia hakuniambia, nami simsemei.

Ni mimi baba yako,
Ramadhani